Mheshimiwa Anatafuta Kazi ya Lambo

Mtu huyu hakuwahi kugombea hata ujumbe wa kamati ya mazishi, lakini kijiji kizima kilimwita Mheshimiwa. Chanzo kilikuwa shati. Siku kisima cha shule kilipozinduliwa, mgeni mkubwa kutoka makao makuu alishuka garini, akawatazama watu waliopangwa mstari juani, macho yake yakatua kwa bwana mmoja mrefu mwembamba, shati jeupe limenyooka, kola imesimama, suruali ina mstari wa pasi wa kukatia mkate. Mgeni akamfuata moja kwa moja, akampa mkono, akamwita mheshimiwa, akamkabidhi mkasi. Yeye akaona si adabu kumbishia mgeni mbele za watu, akakata utepe. Mbunge mwenyewe alifika baadaye kidogo, akakuta maji yanatoka na shughuli imekwisha. Hakuwa na la kufanya, akaomba bilauri, akanywa.

Wakati huo Mheshimiwa alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na karani wa mizani alikuwa mtu. Kisha kiwanda kikafungwa, mizani ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na karani akabaki na shati. Alipewa kiinua mgongo kilichotosha kuezeka nusu ya nyumba. Mtu mwingine angeezeka nusu anayolala. Yeye aliezeka nusu inayotazama barabara, akaipaka rangi nyekundu, akasema upande wa nyuma utafuata mwezi ujao. Mwezi huo ulikuwa bado unakuja. Nyuma kulikuwa na nyasi, juu ya nyasi turubai, juu ya turubai mifuko ya mbolea iliyoshonwa, na juu ya hiyo mawe ya kuzuia upepo usiondoke na vyote. Watu husema fulani hana mbele wala nyuma. Mheshimiwa mbele alikuwa nayo.

Kuna watu wa kufa na tai shingoni, na huyu alikuwa mmoja wao, ingawa tai yenyewe alishaiuza. Asubuhi alipita barabarani taratibu, mkono mmoja nyuma, akiwasalimu watu kama anayekagua. Ukimkaribisha chakula atakwambia ameshakula, na atakwambia kwa namna ambayo wewe mwenyewe utajiona umechelewa kula. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache. Binti zao wawili walikuwa wameolewa mbali, nao walikuwa na shida zao za kutosha. Kila alipoona unga umekaribia kwisha, mama huyu alichukua jembe akaenda kulima vibarua, si hapa kijijini, bali kijiji cha ng'ambo ya daraja, ili mume asivunjiwe heshima. Aliporudi alisema ametoka kwa mdogo wake. Mume alijua. Alijua, akajifanya hajui, na wakati mwingine alithubutu hata kuuliza shemeji hajambo.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka wazikwe. Ila mwaka huo, kiangazi kikiwa bado hakijaisha, ilinyesha mvua moja ya ghafla alasiri. Haikukaa. Ilipita tu kama mtu aliyepotea njia. Lakini ilipopita, kitanda kilikuwa kimelowa, godoro limelowa, na mfuko mmoja wa mbolea ulikuwa umeanguka ndani na jiwe lake, mahali ambapo mama angekuwa amelaza kichwa kama asingekuwa jikoni.

Walilisogeza godoro upande wa mbele. Mama akalikamua, akakaa juu ya stuli, akamtazama mumewe.

"Mzee, hii ilikuwa inapita njia. Yenyewe bado inakuja."

"Nitaliangalia hilo paa."

"Umeliangalia miaka. Mvua kubwa zikinikuta chini ya hili turubai, nakwenda kwa mdogo wangu. Na siendi kutembea."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtia mumewe baridi, maana alimfahamu. Mkewe akigomba, kuna matumaini, ataongea mpaka achoke na jioni ataweka maji ya kuoga. Akisema jambo polepole, ameshalimaliza moyoni siku nyingi, na wewe unapewa taarifa tu.

Mradi uliingia kijijini katika siku hizo hizo. Ulikuwa mradi wa kuwapa kazi watu wa vijijini wakati wa kiangazi: wanakijiji wachimbe lambo kubwa la kukinga maji ya mvua, mifugo ipate kunywa, na wachimbaji wapate ujira. Ulikuja na afisa, msichana mwenye viatu vya mjini na sauti ndogo, ambaye kila baada ya sentensi chache alisema jamii ndiyo yenye mradi. Watu waliitikia vizuri sana. Walikuwa wameshakuwa na miradi mingi, na yote ilikuwa yao mpaka ilipoharibika.

Afisa alieleza kanuni. Nafasi ni chache, kwa hiyo zitakwenda kwa maskini kwanza, na anayejua nani ni maskini si serikali, ni jamii yenyewe. Basi watu watachaguana mkutanoni. Mtu haruhusiwi kujipendekeza, kwa sababu huko mradi ulikoanzia kila mtu alijipendekeza, akiwamo mwenye mashine ya kusaga. Wala haruhusiwi kumpendekeza mtu wa nyumbani kwake, yaani anayelala naye chini ya paa moja na kula naye chungu kimoja. Jirani ndiye asimame, amtaje jirani yake, aseme mbele ya wote kwamba huyu ni maskini na aeleze kwa nini. Halafu mkutano useme ndiyo.

Kwenye makaratasi ya mjini kanuni hiyo bila shaka ilionekana nzuri. Tatizo ni kwamba katika kijiji hiki, kumwita mtu maskini mbele yake ni kumtukana, na kumwita hivyo mbele ya watu ni kutafuta kesi. Watu wangeweza kupeana unga gizani mwaka mzima bila kulitamka neno lenyewe.

Mheshimiwa alisikia kanuni, akapiga hesabu, akaona njia ni moja. Akaenda kwa seremala. Nyumba zao zilipakana, walikua pamoja, na kama kuna mtu wa kumsemea alikuwa yeye. Alimkuta akipiga randa mguu wa meza.

"Fundi, mambo yamekuwa magumu siku hizi."

"Magumu kweli, Mheshimiwa. Mbao hazishikiki."

"Mimi nasema upande wangu."

Seremala aliacha randa, akamtazama kuanzia kola hadi viatu, kisha akacheka kwa upendo. "Mheshimiwa, bwana. Una utani."

"Sina utani. Huu mradi, nilikuwa nafikiri, mtu kama mimi..."

"Ndiyo, ndiyo. Na mimi nimelifikiria hilo hilo." Seremala akamshika mkono na vumbi lake lote la mbao. "Usiseme zaidi. Niachie mimi."

Mheshimiwa alirudi nyumbani amepona. Alimwambia mkewe kwamba kazi ya lambo imekaa vizuri, na kwamba mvua zitakuta bati. Mama alisema haya. Alikuwa ameshasikia mwezi ujao nyingi.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Afisa aliwataka waanze. Kimya. Afisa akakumbusha kwamba jamii ndiyo yenye mradi. Kimya kikazidi. Mwishowe mwanamke mmoja alisimama, akasema anampendekeza jirani yake ambaye, bila kumvunjia heshima, kuku wake wamepungua. Jirani akainama. Mkutano ukasema ndiyo. Hapo njia ikafunguka. Wa pili akapendekezwa kwa sababu anachelewa kuwasha moto jioni. Wa tatu kwa sababu ana mambo mengi. Wa nne kwa sababu siku hizi hasikiki. Afisa aliuliza kama kutosikika ni dalili ya umaskini, akaambiwa na sauti nyingi kwamba ndiyo, hasa kwa yule, maana zamani alikuwa akisikika sana.

Nafasi zilibaki chache sana. Seremala akasimama. Moyo wa Mheshimiwa ukaanza kumpiga mpaka akaona shati linatikisika.

"Mimi nampendekeza jirani yangu," alisema seremala, "ambaye nyote mnamjua. Mheshimiwa."

Watu wakageuka. Mheshimiwa akatazama chini, kama walivyofanya wenzake, na hata alifurahi kujua namna ya kutazama chini.

"Ni mtu safi, ana kauli, anajua kazi za ofisi. Nampendekeza awe mwenyekiti wa kamati ya mradi."

Darasa zima lilipiga makofi. Hili ndilo jina la kwanza lililopita bila mtu kuona aibu, na watu walipumua. Afisa naye akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaeleza kwamba wanakamati ni wa kujitolea, hawalipwi wala hawawezi kuwa wachimbaji, ili haki itendeke. Mheshimiwa angeweza kusimama pale pale akasema hapana. Ilikuwa neno moja tu. Mtu unatamani umshike mabega umtikise. Alisimama, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa, akatoa hotuba fupi ya shukrani na kuahidi kuitumikia jamii kwa uwezo wake wote. Ilikuwa hotuba nzuri.

Nyumbani mkewe alikuwa akichambua mboga.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Kuchimba?"

"Uenyekiti."

Mama aliendelea kuchambua. "Unalipwa?"

"Ni kujitolea. Jamii ndiyo yenye mradi."

"Na paa letu ni la jamii?"

Mama hakungoja jibu. Usiku ule aliupanga upya mkoba wake wa nguo, akatoa zilizochanika akaziacha. Mumewe alilala akitazama ukuta.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi wachimbaji waliingia shimoni na majembe na sululu, na mwenyekiti akasimama ukingoni na mwavuli. Mchana walipumzika wakafungua vyombo vyao, na kila mmoja alimkaribisha, na kila mmoja aliambiwa kwamba mwenyekiti ameshakula. Yule ambaye zamani alikuwa akisikika sana akaanza kusikika tena. Mwenye kuku alinunua majogoo wawili. Mheshimiwa aliwaona watu wakinenepa mbele ya macho yake, akawaonea wivu ambao hakuwahi kumwonea hata mbunge, na akajichukia kwa hilo. Aliporudi nyumbani jioni alikuwa na njaa inayouma.

Akaona basi, kama maneno yamegoma, awaonyeshe. Siku moja alikuja amevaa shati la shamba, lenye matundu kwenye viwiko na kwapa moja wazi kabisa. Wachimbaji walimtazama wakaguswa. "Ona huyo," mmoja alisema. "Hana makuu. Wengine wangekuja na suti." Habari zilizunguka kijiji kwamba mwenyekiti anavaa kama wachimbaji wake ili wasijione wanyonge.

Siku nyingine alishuka shimoni, akachukua sululu ya mtu, akachimba mpaka jua likawa utosini. Mgongo ulimlilia. Mikono ya karani ikatoka malengelenge. Mwili wote ulimwambia kwamba kazi hii anaiweza kwa mbinde, lakini anaiweza, na alijisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu mizani ilipouzwa. Watu waliacha kazi wakamtazama. Jioni yake seremala alikuja nyumbani kumpongeza, akasema afisa ametaja jina lake wilayani kama mfano wa uongozi. Mheshimiwa alimshukuru. Kila alipojaribu kushuka walimbeba, na ukweli ni kwamba kubebwa nako kulikuwa na raha yake kidogo, na hiyo raha ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima. Ndipo mchimbaji mmoja akachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi mjini, na nafasi yake ikawa wazi. Afisa akaja na habari nyingine: lambo limechelewa, atakayejaza nafasi hiyo atapewa kazi hadi mwisho, na baada ya lambo kutakuwa na kazi ya kujenga mfereji wake. Ujira wa muda huo ungemaliza paa na kubakiza. Mkutano uliitishwa siku ya pili yake.

Asubuhi hiyo, Mheshimiwa alipoamka, mkewe alikuwa ameshafunga virago. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkononi, mzigo wa vyombo umefungwa kwenye shuka.

"Mawingu umeyaona," alisema.

"Leo kuna mkutano. Leo nitasema. Najiuzulu kwanza, halafu nasema."

"Sema. Lakini mimi nilisema zamani." Akamwangalia shati, akamrekebishia kola iliyokuwa imekunjika upande mmoja, kama alivyofanya kila siku ya maisha yao, akatoka. Mheshimiwa alimwona akipita barabarani na mzigo kichwani, akielekea darajani, na hakumkimbilia. Alifikiri watu wangewaona.

Mkutanoni alifungua kikao vizuri. Kisha akasema ana tangazo.

"Ndugu zangu, mimi najiuzulu uenyekiti."

"Hatukubali," wakasema watu wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa wamesinzia.

"Nina sababu zangu."

Seremala alisimama amefadhaika. "Kama kuna aliyekuudhi, Mheshimiwa, atajwe hapa hapa aombe radhi."

"Hakuna aliyeniudhi. Sina uwezo."

"Unao," walimwambia. "Tena mkubwa."

Mheshimiwa akashika ukingo wa meza ya mwalimu. Alipiga moyo konde. Alimfikiria mwanamke aliyekuwa akitembea peke yake kuelekea darajani, na neno likatoka.

"Mimi ni maskini."

Watu walitazama madawati, wakasoma majina waliyoyachonga watoto.

"Nataka hiyo nafasi," aliongeza. "Nataka kuchimba. Sina kitu."

Afisa alikohoa. Alionekana mtu mwenye huruma, lakini huruma hiyo haikuwa na kifungu kwenye kanuni. "Mwenyekiti, samahani sana. Kanuni hairuhusu mtu kujipendekeza. Hayo uliyosema siwezi kuyachukua." Akawageukia watu. "Kuna jirani wa kumsemea?"

Macho yote yakaenda kwa seremala. Seremala akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena.

"Siwezi," alisema. "Nimwite hivyo leo mbele ya watu, kesho nitamsalimu vipi? Nipeni mtu mwingine yeyote." Akaketi na kufunika uso.

Afisa akangoja. Mheshimiwa akangoja. Alikuwa amesema neno ambalo alilikimbia maisha yake yote, na halikumfaa hata kidogo.

"Mimi namsemea," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa mkewe. Mzigo ulikuwa bado kichwani na vumbi la njia limempanda hadi magotini. Aliushusha, akauweka sakafuni mbele ya dawati la kwanza.

"Mama," afisa alisema kwa upole, "wewe si mke wake?"

"Ni mke wake. Kanuni yako inakataza mke?"

"Inakataza watu wa nyumba moja. Wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja."

"Basi. Chungu kiko humu kwenye shuka, unaweza kukikagua. Na paa nimeliacha asubuhi. Nahamia kwa mdogo wangu, ng'ambo ya daraja."

"Lakini tangu asubuhi bado hujalala huko."

"Bado. Unadhani nimevitoa hivi vyombo kuvionyesha mji?"

Afisa aliinamia makaratasi yake, akasoma mbele, akasoma nyuma. Hakukuta popote panaposema chochote kuhusu mwanamke aliyeondoka asubuhi. "Endelea," akasema.

Mama alisimama katikati ya darasa na mikono yake pembeni. Alisema polepole.

"Huyu mtu ni maskini. Ana shati moja zima. Nalifua jua likizama, na siku lisipokauka analivaa hivyo hivyo, anasema linampoza. Akiwaambia ameshakula, hajala. Nyumba yetu ina paa upande mmoja. Upande wa pili tunalala tukiwa tumekaa mvua ikinyesha. Mimi nalima vibarua ng'ambo ili ale, na yeye anajua, na kila nikirudi ananiuliza mdogo wangu hajambo. Namjibu hajambo. Hilo ndilo limenichosha kuliko jembe." Akamtazama mumewe. "Si mvivu. Hajawahi kunipiga wala kuniita jina baya. Angekuwa mbaya ningeondoka zamani nikapumzika. Nampendekeza."

Kisha mwanamke mmoja nyuma, yule aliyeanza na habari za kuku, akasema kwa sauti ya chini, "Ya vibarua tunajua, dada."

"Mnajua?" aliuliza Mheshimiwa.

Hakuna aliyemtazama. Alimgeukia seremala. "Na wewe?"

"Ukuta wako wa nyuma unatazamana na dirisha langu," alisema seremala. "Nitaachaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, ndugu yangu. Tuliona hutaki tujue. Tukaona tukupe hicho unachotaka."

Mheshimiwa alitafuta kiti. Miaka yote ile ya kupita barabarani na mkono nyuma, watu walikuwa wakimsaidia kuubeba uongo wake, kila mmoja kwa upande wake, kama jeneza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Na katikati ya aibu hiyo alihisi kitu kingine ambacho hakukitegemea, wepesi fulani, maana hapakubaki kitu cha kuficha.

"Kama mlijua," mama alisema, "semeni ndiyo."

Afisa akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba kujiuzulu kwake hakujakubaliwa, na kwa hiyo mwenye kuuliza mkutano bado ni yeye. Akasimama tena. Alikuwa ameuliza maswali ya namna hiyo mara nyingi, kwa sauti nzuri, na sasa sauti ilitoka nyembamba.

"Wanaokubali kwamba..." Akasita. "Wanaokubali kwamba mimi ni maskini, waseme ndiyo."

Watu walisita naye. Mzee mmoja aliuliza kama hawawezi kusema tu kwamba kuku wake wamepungua.

"Hana kuku," mama alisema.

"Semeni ndiyo, jamani," aliwaomba Mheshimiwa. "Nawaombeni."

Wakasema ndiyo, kwa sauti ya chini, kama wanavyoitikia msibani. Seremala alisema ya mwisho, peke yake. Afisa akaandika jina kwa wachimbaji na kulifuta kwenye uenyekiti, kisha akamweleza mama kwamba kwa haki, mpaka kazi iishe, asirudi chini ya paa lile, kwa sababu akirudi watakuwa watu wa nyumba moja na pendekezo litakuwa batili. Mama alisema hilo halina taabu, njia ni ile ile aliyokuwa akiifuata.

Nje mawingu yalikuwa yameteremka. Mama aliinama kuchukua mzigo, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshautangulia. Aliuinua, akaupandisha kichwani kwa shida maana hakuwahi kubeba kitu kichwani hadharani, akaushika kwa mikono miwili, na wakashika barabara. Watu waliosimama kwenye milango waliwaona wakipita. Walimwamkia Mheshimiwa kama kawaida na yeye akaitikia kama kawaida, bila kugeuza shingo, kwa sababu ya vyombo.

Walipovuka nyumba ya mwisho akauliza, "Uliondoka kweli asubuhi? Au ilikuwa kwa ajili ya mkutano?"

"Niliondoka kweli."

"Ukarudi kwa sababu gani?"

"Nilipofika darajani nikakumbuka ile kanuni. Nikakaa kwanza ukingoni, nikajiuliza kama nirudi. Nilikaa muda."

Mheshimiwa alijua muda huo ulikuwa wa nini, na alijua kwamba ungeweza kuisha vingine. Alimpenda mwanamke huyu kuliko siku aliyomwoa, na leo ndiyo siku aliyokuwa akimsindikiza kuondoka. Alipotaka kumwambia, alikuta hana maneno mengine zaidi ya yale ya hotuba.

"Paa likiisha nitakuja kukuchukua," alisema.

"Likiisha, njoo. Tutazungumza."

"Ni ndiyo au hapana?"

"Nimesema tutazungumza. Nimesema maneno mengi leo."

Darajani alimkabidhi mzigo, akamsaidia kuuweka sawa. Mama akavuka bila kugeuka nyuma, hatua zake ndefu kama za mtu anayewahi mvua. Mheshimiwa alisimama akimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya mashamba, kisha akarudi mbio kijijini, akikimbia barabarani mchana kweupe mbele za watu, kwenda kuazima sululu kwa seremala.